Hesabu za Mwili Ni Mali ya Nani?

Siku hizi viko vyombo vya nyumbani vipimavyo mwili: shinikizo la damu, sukari, na uzito. Vingi huzihifadhi hesabu zao, wala havizitoi zote ila kwa programu ya simu iliyotengenezwa na mwenye kiwanda. Asiye na simu ya namna hiyo, au asiyependa habari za damu yake zipelekwe kwa kampuni iliyo mbali, huambiwa kwamba hana njia. Basi nauliza: Je, hesabu za mwili wa mtu ni mali ya nani?

Wengine husema ni mali ya mwenye kiwanda, kwa maana akili na kazi ni zake. Ni kweli, fundi astahili ujira. Lakini ameuza chombo, naye amelipwa. Fundi aliyeiunda mizani ya sokoni hana haki juu ya mahindi yapimwayo kwayo.

Tena njia yaweza kuwapo. Vyombo vingi hupeleka hesabu kwa mawimbi ya Bluetooth, na mwaka 2011 chama kinachotunza kanuni za Bluetooth kilitoa kanuni ya wazi kwa vipimo vya shinikizo la damu. Chombo kiifuatacho kanuni hiyo chaweza kusomwa na kompyuta iliyotayarishwa kwa kazi hiyo, pasipo simu wala intaneti. Mlango ukifungwa, watu wameufunga, ufundi haukuwalazimisha.

Huko Marekani, katika jimbo la New York, John Costik alikuwa na mtoto mdogo mwenye ugonjwa wa kisukari. Mtoto alivaa kipimo cha sukari, lakini hesabu zilionekana tu katika kipokezi kidogo kilichokuwa karibu naye. Mwaka 2013 baba huyo, aliyejua kuandika programu, alizitoa hesabu hizo akaziona akiwa kazini. Wengine wakaungana naye, na kazi yao ikaitwa Nightscout.

Je, aliivunja amri ya saba? Sivyo. Hakuchukua cha mtu. Alichukua habari za mwanawe apate kumlinda. Nayo amri ya tano, kama tuwafundishavyo watoto wa kipaimara, haitukatazi kuua tu, bali yatutaka tuutunze mwili wa jirani. Hata sheria za nchi zimeliona jambo hili: Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022 zampa mtu haki ya kuzipata habari zake zilizowekwa na wengine.

Walakini haki hii ina mzigo wake. Azitoaye hesabu asizigeuze, wala asibadili dawa pasipo daktari. Azitoaye za mama yake mzee asizitangaze kwa majirani. Asiyetaka kampuni impeleleze, naye asiwapeleleze watu wa nyumbani mwake.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, mwulizeni mwenye duka: Je, nitazipata hesabu zangu zote pasipo programu ya simu? Akisema hapana, tafuteni chombo kinachozionyesha juu ya uso wake, mkaziandike daftarini kila siku. Mwili ni amana ya Mungu, nasi tu mawakili tu. Wakili atatoaje hesabu ya amana asiyoruhusiwa kuiona?