Mungu Hagawi Vipande

Wazee wa Korogwe waliofanya kazi kwenye mkonge wanakijua kipande. Manamba, yaani kibarua wa mkataba, alikabidhiwa kadi ya siku 30. Akimaliza kazi ya siku anatiwa alama. Asipomaliza, siku hiyo imepotea. Kama aliipenda kazi au aliichukia, hakuna aliyeuliza. Kadi ikijaa analipwa, basi, wamemalizana na mwenye shamba.

Sasa niambie ndugu yangu, kuanzia Mombo mpaka Mkata, ni wangapi wetu tunamtumikia Mungu kwa kipande? Jumapili tumekwenda, alama. Zaka tumetoa, alama. Mazoezi ya kwaya, alama. Zamu ya kufagia kanisa, alama, tena kwa kununa. Siku mchungaji akisahau kututaja kwenye matangazo tunawaka kama mtu aliyepunjwa mshahara. Hasira ile inatuumbua: kumbe muda wote tulikuwa tunadai.

Soma tena Luka 15, lakini safari hii mwache mwana mpotevu apite, umtazame kaka yake. Hajawahi kuondoka nyumbani. Shamba analima, amri anashika. Siku ya karamu amesimama nje anamhesabia baba yake miaka ya utumishi, na mbuzi ambaye hakupewa. Ameishi nyumba moja na baba yake asijue kwamba kila kilichomo ni chake! Umaskini huo unanitisha kuliko wa mdogo wake kule kwenye nguruwe. Na bado baba anaiacha karamu, anatoka kumbembeleza. Wewe mzee wa kanisa uliyekauka moyo, wewe mama uliyechoka na vikao vya jumuiya, baba huyo ametoka nje kwa ajili yako.

Mkoa wetu wa Tanga umeona upendo wa namna hii ukifanya kazi. Frank Weston, Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, ambaye dayosisi yake ilifika huku bara, aliandika kijitabu mwaka 1920 kupinga Waafrika kulazimishwa kazi na serikali ya Waingereza wenzake. Mwaka 1923 alisimama London mbele ya watu waliopenda sana uzuri wa ibada, akawaambia kwamba hawawezi kumwabudu Yesu altareni huku wakimpita kwenye vibanda vya maskini. Novemba 1924 akafia Hegongo, Magila, hapo jirani Muheza. Masista wa shirika alilolianzisha 1911 walifika Kwamkono, Handeni, wakauguza wagonjwa, na baadaye wakalea watoto waliopooza kwa polio.

Ifikirie kazi ile. Kumwogesha mtoto asiyeweza kusimama, kumfunga vyuma miguuni, kumshika apige hatua moja, na kesho kuanza upya. Wajibu mtupu ungemfikisha mtu mwezi wa pili, akaomba uhamisho. Anayedumu miaka na miaka, ujue yupo Mmoja anayempenda.

Jirani zetu Waislamu nao wanaye Rabia wa Basra, mcha Mungu wa karne ya 8. Husimuliwa kwamba alionekana amebeba moto mkono huu na maji mkono huu, akisema anakwenda kuichoma pepo na kuizima jehanamu, ili watu wampende Mungu kwa ajili ya Mungu mwenyewe. Mwanamke mmoja, na hamu yake inatufikia mpaka leo!

Sisemi wajibu utupwe. Kuna asubuhi moyo hausemi kitu, na bila nidhamu usingeondoka kitandani. Ondoka tu, nenda. Lakini usiishie hapo. Upendo huu hautengenezwi kwa kukaza misuli, unapokelewa kwanza. Kwa hiyo kabla ya kumfanyia Mungu lolote wiki hii, kaa naye. Zima simu. Usimsomee orodha ya maombi. Mshukuru kwa jambo moja ulilopewa bila kulifanyia kazi, na ukae hapo mpaka moyo ulainike.

Kisha inuka! Katika jumuiya yako yupo aliyeacha kuja, mgonjwa au mfiwa au aliyeaibika, na unamjua kwa jina. Nenda kwake kabla ya Jumapili. Usichukue daftari la mahudhurio, usimuulize kwa nini haonekani, na ukirudi usimtolee taarifa kwenye kikao. Ukimkuta anapalilia, shika jembe la pili.