Enyi Wenye Spika Ndefu, Hesabuni Kwanza

Ndugu zangu wapenda muziki na sinema, leo nawajia kwa sauti kubwa, maana wengi wenu mko karibu kuvunja kibubu bila sababu. Mmenunua spika ndefu zinazomfika mtu kifuani, wufa tatu tatu kila upande. Mmeziunga kwenye risiva ile ile ya zamani, zikalia, mkafurahi. Kisha shemeji akaja Jumapili, akazitazama, akauliza: "Amplifaya yake iko wapi?" Tangu hapo hamlali. Mkienda madukani Kariakoo au Luthuli mnaambiwa spika kubwa inataka mashine kubwa, na anayewaambia ndiye anayeiuza.

Acheni! Urefu wa spika hausemi lolote kuhusu njaa yake.

Mwaka 1954 Edgar Villchur, kule Cambridge, Massachusetts, alileta AR-1, spika ya kisanduku kidogo kilichozibwa pande zote, ikatoa besi nzito ambayo zamani ilitaka kabati zima. Watu walistaajabu, lakini ule muujiza ulilipiwa kwa wati, kwa sababu kisanduku kidogo chenye besi ya kwenda chini hula umeme sana. Kabla yake, katika miaka ya 1940, Paul Klipsch wa mji wa Hope, Arkansas, alikuwa ameanza kutengeneza Klipschorn, dude la kukaa kwenye kona ya chumba, ambalo kwa wati moja tu hupita desibeli 100 ukilisikiliza kutoka mita moja. Mnaona? Dude kubwa ndilo linaloshiba haraka! Nanyi mnaitazama spika yenu ndefu mkiiogopa kwa kimo chake.

Basi geuzeni spika, msome kibandiko cha nyuma au kijitabu chake. Pitieni haraka ile namba ya wati, maana hiyo ni kiasi inachoweza kuvumilia, siyo kiasi inachodai. Tafuteni desibeli: sauti inayotoka kwa wati 1, umbali wa mita 1. Tuseme ni 88, kama ilivyo kwa spika nyingi za kawaida. Kochi lenu liko mita 3. Umbali huo unawanyang'anya desibeli 9 na nusu hivi, ingawa kuta na spika ya pili zitarudisha kiasi. Mmebaki na zaidi kidogo ya 78, na hiyo ni sauti ya kutosha kuwafanya mzungumze kwa kupaza. Kwa wati moja! Jioni nyingi, ndugu zangu, mnaishi kwa wati moja na chenji inabaki.

Shida huja kwenye vishindo: mlango unapolipuliwa, ngoma inapopigwa kwa nguvu. Hapo sauti hupanda ghafla, na hesabu ya desibeli haina huruma. Kila desibeli 3 za nyongeza zinataka wati mara mbili. Kila 10 zinataka mara kumi. Mkitaka kishindo cha desibeli 95 pale kochini, spika ile itadai wati 45 hivi, na risiva nzuri inaziweza. Mkitaka 105, kipimo cha juu cha kila spika kuu katika sinema halisi, zitahitajika karibu 450. Sasa chukueni spika yenye desibeli 98: kishindo kile kile cha 105 atakipata mwenye wati 45. Na kwa hesabu ile ya mara mbili, anayetoka wati 100 kwenda 200 amenunua desibeli 3 tu, na masikio yake yatalazimika kuzitafuta.

Ole wenu mnaoabudu namba za kwenye boksi! Mmeona maandishi PMPO 5000 juu ya mashine ambayo nyuma yake, kwa herufi ndogo, imeandikwa kwamba huvuta wati 60 ukutani. Zinazobaki zinatoka wapi, mbinguni? Hata Marekani uongo huu ulizidi hadi Tume ya Biashara ya Shirikisho ikatunga kanuni mwaka 1974 kuwabana watangazaji wa amplifaya. Risiva nazo zina ujanja wao: "wati 100 mara 7" mara nyingi imepimwa njia mbili tu zikifanya kazi, wakati mwingine moja. Zikilia zote saba pamoja, kila moja hupata pungufu.

Lakini msije mkasema nimewazuia wote. Wapo wanaohitaji amplifaya ya pembeni kwelikweli, na hao nawaambia wanunue bila aibu. Someni omu, yaani ukinzani wa spika. Spika ya omu 4 huvuta mkondo mara mbili ya ile ya omu 8 kwa volti zile zile, na hata iliyoandikwa 8 inaweza kushuka hadi 3 kwenye besi. Risiva nyembamba hapo hutoka jasho. Na jihadharini, watengenezaji wengi hupima desibeli kwa volti 2.83, ambazo kwenye omu 8 ni wati 1 lakini kwenye omu 4 ni wati 2, kwa hiyo punguzeni desibeli 3 kabla ya kusifu spika hiyo. Spika ikiwa na desibeli 84 au 85, omu 4, sebule ni kubwa na mwenye nyumba anapenda kishindo, hana haja ya kuniuliza mimi.

Risiva yenyewe pia hulia ikizidiwa. Inajizima katikati ya filamu. Inachemka hadi mkono haukai juu yake. Ukipandisha sauti, twita zinakwaruza masikio na besi inakuwa butu. Hapo amplifaya imeishiwa, inakata vichwa vya mawimbi, na twita nyingi zimeungua kwa amplifaya dhaifu iliyobanwa hadi mwisho.

Hata hivyo jaribuni kwanza kilicho bure. Kama mna sabufa, ingieni kwenye menyu ya risiva, ziandikeni spika kuu kuwa ndogo, mkate kwenye hezi 80. Msione haya kuziita ndogo! Besi nzito, ambayo ndiyo mlaji mkuu, itahamia kwenye sabufa yenye amplifaya yake, na risiva itapumua. Toeni pia kile kitambaa cha kufuma mlichoitandikia juu, kimeziba matundu ya hewa.

Ikiwa bado inalia, haya, nendeni dukani, lakini hakikisheni risiva ina matundu yaliyoandikwa PRE OUT, la sivyo hamna pa kuichomeka amplifaya. Ile iliyoundwa kwa soko la Japani imetengenezwa kwa volti 100; mkiichomeka kwenye 230 bila transfoma mtanusa moshi. Fundi akiwashauri kutumia njia mbili za risiva ile ile kwa kila spika, jueni chanzo cha umeme ndani ni kimoja, na faida ni ndogo. Nunueni ya njia mbili kwa spika kuu za mbele, mwiachie risiva ile ya kati na za pembeni. Na ambao hesabu imewaambia hapana, fedha hiyo itafaa zaidi kwenye spika ya kati, inayobeba karibu maneno yote ya filamu, kuliko kwenye amplifaya ya kumwonyesha shemeji.