Wapangaji wawili

Kiswahili kina utani wake. Anayechora ramani ya mji ni mpangaji, na anayelipia chumba kila mwisho wa mwezi naye ni mpangaji. Mimi ni huyu wa pili, miaka sita sasa hapa Nyamirambo. Swali langu kwenu ndugu zangu wa kambini, na nyie mnaofanya kazi na wakimbizi: mji ukitengenezwa vizuri hadi nikashindwa kukaa ndani yake, umetengenezewa nani?

Sisemi mipango ni mibaya. Kigali ni milima, na mvua haina huruma. Mafuriko ya Mei 2023 yaliua watu zaidi ya 130 katika nchi hii. Nyumba iliyong'ang'ania mteremko ikiambiwa ihame, sababu ipo. Mitaro na taa za njiani navipenda, usiku natembea bila hofu.

Ila namna ya kutengeneza si moja. Kangondo na Kibiraro, mtaa tuliozoea kuuita Bannyahe, watu walipelekwa Busanza kwenye fleti. Wenye nyumba wengi walitaka pesa, wakaenda mpaka mahakamani. Mwaka 2022 mtaa ukabomolewa. Hapa jirani, Agatare, mradi wa pesa za Benki ya Dunia ulileta barabara na mitaro, na watu wengi wakabaki palepale. Hiyo ndo naiona haki zaidi. Mama muuza sambusa ana wateja wanaomjua kwa jina na duka linalomkopesha unga. Mpandishe ghorofani mtaa mwingine, umempa choo kizuri na umemnyang'anya kazi.

Biryogo yenyewe ilikuwa kambi, jamani! Wabelgiji waliwakusanya pale Waislamu na wageni waliosema Kiswahili, pakaitwa kambi ya Waswahili. Waliokusanywa wakajenga misikiti, wakafungua maduka, wakaoza watoto wao. Leo wageni wanakuja kupiga picha na kunywa chai. Kiziba ipo tangu 1996. Vitabu vya misaada vinataka kila mtu kambini apate eneo la mita za mraba 45. Hesabu nzuri, lakini haisemi nani atamuuliza huyo mtu kabla ya kumhamisha.

Na hata Agatare haijamaliza swali langu. Njia ikitiwa mawe, kodi inapanda. Kwetu ilipotengenezwa, mwenye nyumba alitoka 30,000 akaenda 45,000. "Si unaona barabara?" Namuona ana hoja, ameona thamani imepanda. Lakini fidia inamfuata mwenye ardhi, faida inamfuata yeye, na mimi nafuatwa na deni.

Rafiki yangu wa shirika moja ananiambia nikiogopa kodi tutabaki kwenye matope milele. Kweli. Basi kabla ya mawe kumwagwa, wapangaji wa vyumba nao wahesabiwe, na makubaliano ya kodi ya miaka miwili mitatu yaandikwe pamoja na ramani.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye umuganda, mwenye nyumba na mimi tunazibua mtaro mmoja. Baada ya kazi kuna mkutano. Hapo ndipo nitauliza, yeye akiwa amekaa mbele yangu, na kodi ya mwezi huu bado sijaitimiza.