Faharasa na Dhamana ya Kutaja Majina

Wahenga walinena kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Katika maktaba msomaji huuliza kwa kufungua faharasa, naye aliyeitunga ndiye hasa anayemjibu. Yatupasa basi tujiulize: je, mtunga faharasa ni mtumishi wa alfabeti tu, au naye ana dhamana ya kimaadili?

Tuvitazame vitabu vihusuvyo mapambano ya mwaka 1905 hadi 1907 kusini mwa nchi yetu. Watawala wa Kijerumani waliyaita uasi. Sisi twayaita Vita vya Maji Maji. Orodha ya vitabu inayoyaweka chini ya "Uasi" peke yake imekwisha kutoa hukumu kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza, kwani mwasi ni yule akataaye mamlaka iliyo halali. Na mwanafunzi atafutaye "Ukombozi" hatapata kitu, ingawa vitabu vimo rafuni.

Jambo hili si la kwetu tu. Sanford Berman, mkutubi Mmarekani aliyepata kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Zambia, alitambua huko kwamba neno "Kafirs", lililotumiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani kuwa kichwa cha mada, lilikuwa tusi kwa Waafrika. Mwaka 1971 alichapisha kitabu cha kuvikosoa vichwa vya namna hiyo, na mengi aliyoyapendekeza yalikubaliwa baadaye.

Wako watakaosema kuwa kompyuta imeyamaliza mashaka haya. La hasha. Kompyuta isiyofundishwa hutafuta herufi, haitafuti maana: ukiiandikia "mkulima" haikuletei "kilimo", sembuse "ukombozi" ikuletee "uasi". Hata hivyo, kitabu kilichopigwa chapa hubanwa na idadi ya kurasa, ilhali chombo hicho chaweza kubeba njia nyingi za kulifikia jambo moja. Kisingizio cha uhaba wa nafasi kimeondoka. Wajibu umebaki, tena umezidi.

Tufanyeje basi? Kulifuta neno la kale si haki, maana mchunguzi wa nyaraka za Kijerumani atalihitaji. Twaona vema jina walitumialo wenye jambo liwe kichwa kikuu, na lile la watawala libaki mahali pake pamoja na neno dogo "tazama", limwelekeze msomaji. Hivyo historia haifichwi, wala hukumu ya mtawala haifanywi kuwa lango la elimu. Walimu na wawafundishe vijana kuisoma faharasa kama wasomavyo kitabu chenyewe: kwa kuuliza ni nani aliyetoa majina haya, na kwa niaba ya nani.