Deni la Baba: Swali la Kimaadili katika Filamu ya Soul Boy

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, lakini hawakutaja nani alipe. Swali hilo ndilo kiini cha Soul Boy (2010), filamu fupi ya takriban saa moja iliyoongozwa na Hawa Essuman kutokana na mswada wa Billy Kahora, na kutengenezwa katika mtaa wa Kibera, Nairobi. Abila, kijana wa miaka 14, anamkuta babake mgonjwa na aliyechanganyikiwa. Baadaye anang'amua kuwa mzee ameicheza kamari roho yake na kushindwa na jinni wa kike, Nyawawa. Ili kuikomboa roho hiyo, Abila hana budi kutimiza majaribu 7.

Kimuundo, hii ni ngano: shujaa mdogo, safari, majaribu. Hata hivyo, ngano hii imehama kijijini. Katika imani ya Waluo, nyawawa ni pepo wapitao hewani, na wanakijiji wote huwafukuza kwa kugonga sufuria na mabati. Katika filamu hii kelele hiyo ya pamoja haipo. Mtoto, akisaidiwa na rafikiye Shiku, ndiye anayemwendea jinni.

Je, tumsifu Abila kwa utiifu wake? Mhakiki aweza kudai kwamba filamu inatukuza wajibu wa mwana kwa mzazi. Dai hili lina hatari. Katika Kibera na Kawangware, mtoto atekaye maji na kulea wadogo zake wakati mama yuko kibaruani si kioja. Kuuita mzigo huo wajibu mtakatifu ni kuwapa watu wazima ruhusa ya kucheza kamari tena. Kwa upande mwingine, kuuita hiari tupu ni kusahau kwamba baba akianguka, nyumba nzima huanguka naye.

Kwa maoni yetu, tendo la Abila ni hisani, wala si malipo. Hisani husifiwa; haidaiwi. Heshima aipatayo mwana isihamishiwe baba. Mwana aweza kuikomboa roho ya mzazi kutoka kwa jinni. Lakini liko deni jingine, la utoto uliotumika kwa kazi hiyo, ambalo mdai wake ni mwana mwenyewe. Hilo baba hawezi kulipiwa na mtu.