Siku Niliyolinyamazisha Basi

Nina swali ambalo limenishinda. Mtu akitenda kosa, na kosa lenyewe lisimdhuru mtu yeyote, je, ana deni? Na kama analo, atamlipa nani?

Nauliza kwa sababu ninalo kosa la aina hiyo. Nilikuwa spana boi katika gereji moja pale Morogoro. Basi lililoletwa siku hiyo lilikuwa la njia ya Iringa, na umri wake ulinizidi mimi. Ugonjwa wake ulikuwa kompresa, ile pampu inayoendeshwa na injini ili kujaza upepo wa breki. Nilipofungua koki ya chini ya tangi la upepo, yalitoka maji yaliyochanganyika na oili, meupe kama uji. Fundi akatikisa kichwa. Ringi zimekwisha, akasema, ndiyo maana oili inapanda juu. Tukafungua hedi: vali zimeganda masizi, na bomba la kutolea upepo limeziba kiasi kwamba hata kidole cha mwisho hakipiti. Tulikwangua mpaka jua likazama. Ringi za saizi ile hazikupatikana mjini, tukarudishia zile zile.

Alfajiri tukawasha. Mshale wa geji, ambao hukaribia baa 8 kompresa ikiwa nzima, ulipanda kwa kujivuta hadi 4, ukakwama. Basi likagoma kutembea.

Hapa lazima nieleze kidogo. Dereva akikanyaga breki, upepo ndio unaokaza. Hilo wengi wanalijua. Lakini magurudumu ya nyuma yana pia springi nene, na kwa springi mambo ni kinyume: upepo ndio unaoizuia isishike. Upepo ukipungua, springi inafyatuka, gari linasimama lenyewe. Fikra hiyo ya kuufanya upungufu wenyewe uwe breki ilitoka kwenye treni; George Westinghouse wa Marekani aliileta kwenye breki zake za upepo mwaka 1872. Breki za treni moja ya Armagh, Ireland, hazikuwa za namna hiyo. Mwaka 1889 mabehewa yake yalitenganishwa mlimani, watu wakaweka mawe nyuma ya magurudumu. Mawe yalipondeka. Walikufa watu 80.

Kwa hiyo basi letu halikuwa limeharibika zaidi asubuhi ile. Lilikuwa linasema kweli kwa njia pekee liliyo nayo.

Tajiri akapiga simu: abiria wameshakata tiketi. Suka akacheka, "Dogo, hili gari nalijua kuliko mke wangu." Fundi akanipa spana. Nyuma ya kila chemba ya springi kuna boliti ndefu ya kuivuta springi ndani, iliyowekwa ili gari bovu liweze kukokotwa. Nikaingia chini, nikazikaza zote mbili. Basi likatembea. Utingo akatafuta jiwe kubwa kuliko lile la kawaida.

Likapanda Kitonga. Kesho yake likateremka Kitonga, limejaa watu, na nusu ya upepo wake. Likafika salama.

Mwanafalsafa Thomas Nagel, katika makala ya mwaka 1976, anatoa mfano wa dereva wa lori ambaye hakupeleka breki zake kukaguliwa. Akigonga mtoto, atajilaumu maisha yake yote. Mtoto asipopita, atajilaumu kidogo tu, na uzembe ni ule ule. Niliposoma pale nilikasirika, kama mtu aliyesengenywa akiwa amekaa hapo hapo. Maana mimi nilitenda kila kitu ambacho muuaji angetenda, kasoro maiti. Bahati ile ilikuwa ya abiria. Kwa nini niiweke mfukoni mwangu?

Mshkaji wangu mmoja ananiambia naleta uzungu. Nchi hii, anasema, kila kitu ni cha kuungaunga, ukisubiri spea mpya utakufa njaa. Nakubali, na sioni aibu kwa zile ringi kuukuu. Kuunga si dhambi. Tuliunga, geji ikatuambia tumeshindwa, na hadi hapo tulikuwa mafundi waaminifu. Lakini kuunga ni kitu kimoja na kunyamazisha ni kingine. Suka alijua, na roho ni yake. Wale waliopanda na watoto na magunia hawakuijua geji. Nauli yao ilikuwa imenunua kiti, na nadhani ilinunua pia ule ukaidi wa springi, na huo mimi niliuiba kwa spana namba 24 wakati wao wanakunywa chai ya rangi stendi.

Ningeweza kusimama mlangoni nikawaambia. Fundi angenifukuza. Na baadhi yao, nawajua watu wetu, wangesema twende tu, Mungu yupo. Sawa, lakini neno hilo lilikuwa lao kulisema.

Ringi zilipokuja kutoka Dar, mshale ukapanda hadi 8, nikazirudisha boliti. Ila nirudi nyuma kidogo, jioni lile basi liliporudi. Nilitumwa kulipokea Msamvu. Mama mmoja akashuka na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, akaona ovaroli yangu, akanijazia vinne mkononi. "Chukua mwanangu, wewe fundi wa hili gari? Mmetufikisha salama, Mungu awabariki."

Nilisema asante mama. Usiku tulivikaangia mayai, na Fundi akala mpaka akalamba vidole.