Mchezo na Uaminifu

Jioni huko Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, mpita njia huona mipira miwili ikichezwa. Mmoja huchezwa uwanjani, vumbi likitimka. Wa pili huchezwa kibandani, vijana wawili wakikabili runinga na kubonyeza vitufe. Wazee husema wa kwanza ni mchezo na wa pili ni upuuzi. Je, hukumu hiyo ni ya haki?

Hoja yao ni jasho. Lakini jasho si kipimo. Bao halimtoi mtu jasho, wala hakuna mzee atakayekubali kuwa si mchezo. Katika Michezo ya Asia ya Hangzhou, iliyofanyika mwaka 2023, washindi wa michezo ya kompyuta walivishwa medali kama wakimbiaji. Wepesi wa vidole na utulivu wa moyo hupatikana kwa mazoezi; kuvidharau ni kudharau juhudi.

Tofauti, kwa maoni yangu, iko mahali pengine. Uwanjani sheria hukaa katika nafsi za wachezaji. Mkono waweza kuugusa mpira refa asione. Mcheza bao aweza kudondosha kete mbili mahali pa moja. Kwa kuwa uovu wawezekana, wema una thamani. Kibandani sheria imo ndani ya mashine. Ni kama uzito wa jiwe: haitiiwi wala haivunjwi, ila kwa mtu kuichezea programu yenyewe. Asiyedanganya hapo hajui kama ni mwaminifu au amezuiwa tu.

Mtu aweza kujibu: heri refa asiyepokea hongo. Ni kweli kwa matokeo. Si kweli kwa malezi. Soko, ofisi na ndoa, vinavyomngoja kijana, havina mashine ya kumshika mkono.

Hata hivyo kibanda si jangwa la wema. Kumpisha mwenye zamu, kutomtukana aliyeshindwa, kulipa ada bila kuzozana: hayo mashine haiyaamuru. Kwa hiyo mzazi asikivunje kibanda. Mtoto arudipo, asimwulize kwanza kama ameshinda, bali amwulize aliishi vipi na mwenzake aliyemshinda. Kisha kesho ampeleke uwanjani, ambako mkono wake utakuwa huru kukosa.